Uliza Mwalimu: Insha imekwama hata kabla haijaanza

Barua za mwezi huu karibu zote zina kilio kimoja, nadhani ni kwa sababu mitihani inakaribia. Hakuna aliyeuliza herufi kubwa inakaa wapi wala nukta mkato ni ya kazi gani, watu wanauliza mawazo yenyewe yanatoka wapi. Kwa hio zingine nimeziweka pembeni kwanza (yule wa Sengerema aliyeuliza barua ya kuomba kazi anivumilie, jibu lake linakuja toleo lijalo) tumalizane na hili. Barua ndefu nimezifupisha na majina nimeyatoa.

Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha nne, naishi Igogo. Mwalimu akisema andikeni insha wenzangu wanainama wanaandika, mi nabaki naangalia karatasi. Nikiandika sentensi naifuta, nikiandika nyingine naifuta, kengele inalia nina mistari minne. Sio kwamba Kiswahili sijui, kuongea naongea vizuri tu. Sasa tumepewa "Faida za uvuvi katika mkoa wetu" na sina hata pointi moja ya maana. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Hio kufuta ndo ugonjwa wenyewe. Unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, unatafuta wazo na papo hapo unalihukumu, sasa wazo gani litatoka hapo. Unataka kuchambua dagaa ambao hata hawajaanikwa. Kutafuta kuna muda wake na kuchagua kuna muda wake, ukizitenganisha hizi kazi mbili nusu ya shida yako imeisha.

Njia ninayokupa inaitwa kuandika huru. Aliyeipa umaarufu ni Mmarekani mmoja mwalimu wa uandishi, Peter Elbow, miaka ya 1970, ingawa mapema zaidi, 1934, Dorothea Brande alishawaambia wanaotaka kuwa waandishi waamke nusu saa kabla ya muda wao wa kawaida, wasiongee na mtu, wasisome kitu, wakae tu waandike chochote kinachokuja. Masharti ni machache. Weka saa dakika 10, anza kuandika, na kalamu isisimame mpaka muda uishe. Hakuna kufuta, hakuna kurudi nyuma kusoma, hakuna kuwaza herufi wala nukta. Ukiishiwa andika "sijui niandike nini" na uendelee kuiandika hivyo hivyo mpaka kitu kingine kije. Na kitakuja, maana mkono unachoka kurudia neno moja.

Kwa kuwa barua yako ilifika mapema nilikutumia maelekezo haya na ukanirudishia ulichopata. Naomba nikiweke hapa kama kilivyo wenzako waone, sijagusa kitu:

*faida za uvuvi faida za uvuvi samaki ni chakula wana protini watu wanapata ajira serikali inapata kodi hizi zote ziko kwenye kitabu sijui niandike nini sijui niandike nini mamdogo anauza dagaa mwaloni Kirumba anatoka alfajiri anarudi ananuka mpaka nywele hela anayo ila sio siku zote mbalamwezi ikiwa kali boti za dagaa haziendi kwa hio anakaa nyumbani anasuka watu na sisi tunajua mwezi ukiwa mkubwa hatuombi hela ya daftari wakongo wanakuja wananunua magunia wanapakia kwenye lori mkono unauma sijui niandike nini*

Sasa angalia. Mwanzo wote ni wa kitabuni na wewe mwenyewe umelisema hilo, protini, ajira, kodi, darasa zima litaandika hivyo. Halafu ukakwama, ukarudia "sijui niandike nini" mara mbili, na nyuma yake tu akatokea mamdogo. Hapo ndo insha yako ilipo. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa kwa sababu wanafuata mwanga, mbalamwezi ikiwa kali taa ya mvuvi haifui dafu, boti zinapumzika na mwaloni, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa, kunakuwa kweupe. Maana yake kipato cha nyumba yenu kinapanda na kushuka na mwezi wa angani! Hio pointi haiko kwenye kitabu chochote cha shule nilichowahi kushika, na ni ya kweli, na ni yako. Nyuma yake umepata soko la Kongo (wapakiaji, madereva wa malori, wauza magunia, wote hao wanakula kwa dagaa) na umepata kusuka, yaani familia ya mwaloni haiishi kwa uvuvi peke yake.

Angalizo moja. Swali linasema faida, kwa hio ya mbalamwezi usiiingize kama malalamiko. Iingize kwamba faida ipo, ni kubwa, ila inakuja kwa vipindi, na watu wamejifunza kuipanga.

Ukitaka kuchimba zaidi, soma ulichoandika, pigia mstari sentensi moja tu iliyokushtua, hii ya kutoomba hela ya daftari mimi ilinishtua, kisha chukua karatasi nyingine uianze na hio na uandike dakika 10 tena. Mzunguko wa pili mara nyingi ndo unatoa mali. Na hizi karatasi usimwonyeshe mtu, hata mwalimu wako. Ukijua zitasomwa utaanza tena kufuta.

Habari Mwalimu, mimi ni mwaka wa kwanza chuo hapa Nyegezi. Nina asaimenti ya maneno 2000, "Mabadiliko ya tabianchi na Ziwa Victoria". Shida yangu sio kukosa mawazo, ninayo mengi mno, nimesoma, nimegugo, nina notsi kurasa na kurasa na kila nikianza naona bado sijagusa kitu fulani. Lekchara alisema tutumie "mind map" nikachora, ikawa kama utando wa buibui, sikuelewa nifanye nini nayo.

Wewe uko upande wa pili wa yule binti wa Igogo, na nikuambie ukweli, upande wako ni mbaya zaidi. Asiye na kitu anajua hana kitu. Mwenye vingi anajidanganya kazi imeenda.

Kwanza huo mchoro. Kuna michoro ya aina mbili na watu wanaichanganya. Ramani ya mawazo aliyoitangaza Mwingereza Tony Buzan kwenye televisheni ya BBC miaka ya 1970 ni ya kupanga: katikati mada, matawi machache manene, kila tawi neno moja, matawi madogo yanatoka kwenye makubwa. Inafaa sana kwa kitu unachokijua tayari, kwa mfano kurudia masomo. Ule mwingine ni wa Gabriele Rico, Mmarekani, wa miaka ya 1980, unaandika neno katikati unalizungushia duara halafu unaachia maneno yachipue yanavyotaka, fasta, bila kuwaza hili linakaa chini ya lipi, mpaka unaanza kuhisi kuna kitu kinakuita, hapo unaacha kuchora unaandika. Huu ni wa kutafuta. Wewe lekchara alitaka upange, ukachora wa kutafuta, ndo maana umepata utando.

Ila usiutupe huo utando, tuufanyie kazi. Chukua kalamu ya rangi nyingine na kila duara kubwa liulize maswali sita ya mwandishi wa habari: nani, nini, lini, wapi, kwa nini, vipi. Nimejaribu na mada yako. Katikati ziwa, pembeni kina cha maji, samaki, magugumaji, mvua, watu wa mwambao, usafiri. Nikachukua kina cha maji.

Lini? 2020 maji yalipanda sana, yakaingia kwenye nyumba na kwenye mialo, wengi mnakumbuka. Ila ukiuliza lini tena unakuta mvua kubwa za 1961 mpaka 1964 zililipandisha ziwa hili zaidi ya mita 2. Kwa nini linapanda hivyo? Kwa sababu karibu asilimia 80 ya maji yake yanatoka kwenye mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, mito kama Kagera na Mara inaleta sehemu ndogo tu. Yanatokaje? Mengi yanapanda juu kama mvuke, yanayobaki yanatoka kwa mlango mmoja tu, Mto Nile pale Jinja. Kwa hio mvua ikizidi miaka miwili mitatu ziwa halina namna, linapanda. Nani anaumia? Muuza samaki mwenye banda mwaloni, mkulima wa mpunga wa bondeni, aliyejenga karibu na maji.

Unaona kilichotokea? 2020 na 1961 zimegongana. Ukizigonganisha unapata swali: kupanda kwa maji ya 2020 kunaweza kuwa ushahidi wa mabadiliko ya tabianchi, wakati ziwa hili hili lilishapanda namna hiyo miaka ya 1960? Sikujibii, ila hilo swali linatosha maneno 2000 na yatabaki. Ukishakuwa na swali la namna hiyo umetoka kwenye mada umeingia kwenye insha.

Halafu kata matawi, na hapa ndo wanafunzi wanalia. Samaki kwa mfano. Najua unataka kuandika habari za sangara, kila mtu wa Mwanza anataka kuandika habari za sangara, jinsi alivyopandikizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akaja kulipuka miaka ya 1980, furu wakapungua vibaya, vikaja viwanda vya minofu, sasa hivi kuna biashara ya mabondo (vile vibofu vya hewa vya sangara). Ni stori tamu. Ila sangara hakuletwa na tabianchi, aliletwa na watu na ndoo. Tawi hilo halijibu swali lako, kwa hio linakatwa, hata kama notsi zake ni kurasa kumi na ulizihangaikia. Kanuni yangu ni kwamba tawi likishindwa kujibu hata maswali mawili kati ya yale sita, ama unaenda maktaba ama unalikata. Na kwa deadline zenu za chuo ninavyozijua, kata.

Mwangaluka mwalimu! Mi ni bodaboda kijiwe cha Buzuruga, najiandaa na QT mwaka huu (ule mtihani wa sisi tusiopita shule ya kawaida, kabla ya kufanya wa kidato cha nne). Kichwani ninavyo vitu ila mkono mzito, na nikikaa kuandika kwa Kiingereza ndo kabisa kila kitu kinapotea, maana mi nawaza Kisukuma na Kiswahili. Kuna njia ya mtu kama mimi?

Mhola duhu. Ipo, na iko mfukoni mwako. Simu yako ina sehemu ya kurekodi sauti, kama hauioni jitumie voisi ya watsap wewe mwenyewe. Abiria akikosekana bonyeza uongee ile mada dakika tatu nne kwa Kisukuma, kwa Kiswahili, changanya upendavyo, hamna anayekusahihisha. Usiku sikiliza, na wakati unasikiliza usiandike sentensi, andika majina ya vitu na matendo tu: helmeti, bima, faini, kijiwe, mkopo wa pikipiki. Hio orodha ndo unaigeuza Kiingereza, neno kwa neno na kamusi, halafu ndo unaanza sentensi. Kutafuta mawazo kwa lugha ya mtihani ni kujipa mzigo mara mbili na hakuna aliyekulazimisha, msahihishaji anaona kilichoko kwenye karatasi tu, hajui uliwaza kwa lugha gani.

Kingine, hapo kijiweni wasimulie wenzako mada yenyewe. Watakapokukatiza na kuuliza "sasa hio inakuwaje?" kariri hilo swali, maana hapo ndo maelezo yako yalipokuwa na shimo. Vijiwe vya boda vina wabishi wazuri kuliko madarasa mengi ninayoyajua, watumie.

Mwalimu mwenzangu, nafundisha sekondari Ukerewe. Kabla ya insha huwa nafanya zoezi la kubungua bongo darasa zima, mi naandika ubaoni wao wanataja. Kila siku wanaotaja ni walewale watatu, wa mbele, na insha zote zinatoka na pointi zilezile za hao watatu. Nakosea wapi?

Mwalimu, pole na hongera, maana wengi hata hilo zoezi hawafanyi, wanaandika mada ubaoni wanakaa.

Kubungua bongo kwa pamoja tumerithi kwa Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara huko Marekani, aliyeeneza miaka ya 1940 na 1950 masharti yake manne: usikosoe wazo la mwenzio, taja mengi kadri iwezekanavyo, ya ajabu yanaruhusiwa, na dakia la mwenzio ulijenge. Masharti mazuri. Ila mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walipima, wakaweka vikundi vya watu wanne wanne wanaojadili pamoja, na upande wa pili watu wanne kila mtu kivyake halafu orodha zao zikaunganishwa, zinazojirudia zikahesabiwa mara moja. Waliokaa kivyao wakatoa mawazo mengi zaidi, na sio kidogo. Wengine walikuja kurudia na majibu yakawa hayo hayo. Sababu ukiwa mwalimu unazijua bila utafiti: ni mmoja tu anayeongea kwa wakati, wengine wanasubiri na wakisubiri wanasahau, wapo wanaoogopa kuchekwa, wapo wanaojua yule wa mbele atataja tu kwa hio wao wanapumzika.

Kwa hio geuza mpangilio. Mada ubaoni, darasa kimya, kila mtoto anaandika orodha yake dakika tano kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari, maneno tu bila sentensi. Halafu anamgeukia jirani yake, wanasomeana, na kila mmoja anachagua kwa mwenzie kitu kimoja ambacho yeye hakukiwaza. Baada ya hapo ndo unaenda ubaoni, na usiulize "nani ana pointi", maana hao watatu mikono iko juu tayari. Uliza "jirani yako ameandika nini ambacho wewe hukukiwaza?" Mtoto mwenye aibu ya kusema la kwake hana aibu ya kusema la mwenzie. Na darasa likiwa kubwa, najua huko kwenu yapo ya watoto mia, huna haja ya kusikia wote, sikia safu moja ya nyuma leo, kesho nyingine.

Na ukiandika ubaoni, ukimaliza futa. Najua inauma kufuta ubao mzuri, ila ukiuacha watanakili.

Mambo mwalimu, hivi vitu vya kuchora na kuandika huru ni vizuri lakini mtihani una muda wake, mi kidato cha sita nina GS (General Studies) na maswali ya insha matupu, hizo dakika za kuchora nitazitoa wapi?

Poa. Utazitoa kwenye zile dakika unazotafuna kalamu, tano kwa kila insha zinatosha. Dakika ya kwanza ni ya kusoma kitenzi cha swali, kama ni jadili, eleza, linganisha au tathmini, maana wengi wanakusanya pointi safi za swali ambalo halikuulizwa. "Jadili" inataka pande mbili, kwa hio chora mstari katikati ya karatasi huku ndio huku hapana. "Linganisha" inataka jedwali dogo. Ukibakiwa mweupe kabisa jaribu ile ya pande sita: kielezee kitu, kilinganishe, kinakukumbusha nini, kina sehemu gani, kinatumikaje, kitetee au kipinge. Sentensi moja kila upande, pande mbili au tatu kati ya hizo zitakubali. Ukimaliza pigia rafu mstari mmoja wa kuikata ili msahihishaji asidhani ni jibu.

Mwalimu shikamoo, mimi ni mzazi hapa Kisesa. Kijana wangu wa kidato cha tatu akipewa insha anaiuliza ChatGPT kwenye simu ya kaka yake impe pointi kumi, halafu anaandika mwenyewe kwa maneno yake. Anasema hajaiba kwa sababu sentensi ni zake. Mi naona kuna kitu hakiko sawa ila nashindwa kumjibu.

Marahaba mama. Kijana wako ana hoja nusu. Sentensi kweli ni zake. Ila kwenye insha kazi ngumu ni hii tunayoiongelea leo, kupata la kusema, na hio ndo ameitoa nje. Kabakiwa na kazi ya kupaka rangi nyumba ya mtu.

Mjaribu hivi, sio kwa ugomvi. Mwambie aiulize pointi kumi za umuhimu wa Ziwa Victoria, halafu wewe ukiwa jikoni mtajie za kwako. Atapata chakula, usafiri, utalii, ajira, maji. Wewe utamtajia mambo ya bomba la mtaani kwenu, bei ya sato ilivyokuwa Pasaka, jirani aliyepata kichocho akiwa mdogo kwa kuoga ziwani. Muulize zipi mwalimu wake hajawahi kuzisoma. Nimesahihisha sana, na insha sitini zenye pointi kumi zilezile kwa mpangilio uleule zinajulikana ukiwa kwenye ya tatu.

Sisemi avunje simu. Ipo namna moja nzuri ya kuitumia na anaweza kuanza leo: asiiombe majibu, aiambie imuulize maswali. Aiandikie "nataka kuandika insha kuhusu ziwa, usinipe pointi, niulize swali moja moja kuhusu ninachokijua mimi". Ayajibu kwenye daftari, kwa kalamu. Zile pointi kumi za ChatGPT azisome baadaye kabisa, akishakuwa na orodha yake, kuangalia kama kuna jambo zito kalisahau. Akianza nazo, kichwa kinalala. Na hili sio la watoto tu, naliona kwa watu wazima wenye shahada zao.

Mwalimu habari za kazi. Mimi ni mstaafu, nimefanya kazi kivuko cha Kigongo na Busisi miaka mingi. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 vijana wananiambia mzee andika, hizi habari zitapotea. Nimefuata ushauri wako wa zamani, nimeorodhesha kila ninachokumbuka: foleni za malori, akina mama wa mahindi ya kuchoma na samaki wa kukaanga, harusi zilizochelewa, usiku injini ikigoma, wagonjwa, wanasiasa waliotaka kupita kwanza. Karatasi zimejaa. Sasa nikiziangalia sijui pa kuanzia, natokaje hapo kwenda kwenye makala?

Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ile orodha peke yake ni tamu.

Tafuta mkasi. Kata kila jambo likae kwenye kikaratasi chake, vimwage kitandani au kwenye mkeka uvihamishe kwa mkono. Usivipange kwa miaka, huo ni mtego, utaanza na siku uliyoajiriwa na msomaji atalala kabla hujafika majini. Vipange kwa kuuliza hiki na kile vinaongea jambo moja? Kwa nilivyoviona mimi naona mafungu kama matatu. Lipo la kusubiri, foleni na harusi na wagonjwa viko humo. Lipo la waliokula kwa sababu watu wanasubiri, akina mama wa mahindi na samaki. Na lipo la nani anapita kwanza, wanasiasa na wagonjwa tena, kikaratasi kimoja kikitaka kukaa mafungu mawili usikilazimishe, hicho mara nyingi ndo kiungo cha makala. Vitakavyobaki bila fungu viweke kwenye bahasha, sio vibaya, ni vya makala nyingine.

Halafu jilazimishe sentensi moja inayobeba mafungu yote. Mimi sikuandikii, ila kama ningekuwa msomaji ningetaka kujua hili: daraja ni kilomita 3, gari linavuka dakika chache, sasa wale waliokuwa wanaishi kwa kusubiri kwetu wako wapi leo? Fungu la pili halina jibu hilo kwenye orodha yako, nimelitafuta. Kwa hio kabla hujaandika chochote nenda Busisi kamuulize hata mama mmoja wa samaki wa kukaanga anauzia wapi siku hizi, biashara ikoje, na yeye anasemaje kuhusu daraja, maana anaweza akakwambia kitu tofauti kabisa na unachotegemea.

Ukirudi anza na kikaratasi unachokipenda kuliko vyote, popote kilipo kwenye mpangilio. Utangulizi uandike mwisho, ukishajua unatangulia nini. Ukimaliza nitumie rasimu, na tafadhali mzee wangu, andika upande mmoja tu wa karatasi, ile orodha ilikuwa mbele na nyuma na wino umepenya.